SOLA YA KIKUNDI IKIGOMA: TUPIME KABLA YA KULAUMIANA

Somo la vikundi vya kujisaidia



Katika toleo hili tunajifunza jambo ambalo vikundi vingi hutuuliza tunapowatembelea. Sola ya kikundi ilikuwa ikifanya kazi vizuri, sasa taa zinazimika mapema, simu hazijai, na hakuna anayejua pa kuanzia. Somo linahusu sola ndogo ya volti 12, ile yenye paneli juu ya mabati, kontrola ukutani, betri chini na pengine inveta. Hata gari la kliniki lenye sola juu ya paa huchunguzwa kwa njia hii hii.

Tumegawa somo katika sehemu nne: TUONE, TUJUE, TUPIME, TUTENDE. Msizimalize zote siku moja. Chukueni sehemu moja kwa kila mkutano, na siku ya sehemu ya tatu mkutane mahali sola ilipo, mchana, jua likiwa limetoka. Mnaweza kufungua mkutano wa kwanza kwa kusoma Mathayo 25:1-13, habari ya wanawali kumi na taa zao. Mtaona kwamba hata pale shida haikuwa taa. Shida ilikuwa hesabu ya mafuta.

1. TUONE: YALIYOPATA KIKUNDI KIMOJA

Kikundi kimoja cha akina mama huko Ukambani kilichanga pesa kidogo kidogo hadi kikanunua paneli ya wati 100, betri ya ampea-saa 100, kontrola na inveta ndogo. Kibanda chao kiko sokoni, mbali na laini ya stima. Mchana wanachaji simu na kunyoa watu nywele. Jioni watoto wa shule huja hapo kusoma. Kijana mmoja, mtoto wa mwanachama, aliajiriwa kukitunza kibanda.

Mwaka wa kwanza mambo yalienda sawa. Mwaka wa pili taa zikaanza kuzimika saa mbili usiku, na watoto wakarudi nyumbani kabla ya kumaliza kazi zao. Fundi mmoja aliyekuwa akipita akaitwa. Akaitazama betri, akasema, "Hii imekufa, leteni ingine." Mweka hazina akatoa pesa iliyokuwa imetengwa kwa mikopo ya mbegu. Betri mpya ikanunuliwa na kufungwa pamoja na ile ya zamani. Miezi mitatu baadaye, giza tena saa mbili.

Hapo ndipo maneno yakaanza. Ati kijana anachaji simu za marafiki usiku na pesa inaingia mfukoni mwake. Ati mama yake anajua. Wanachama watatu wakaacha kuja mkutanoni, na mama wa kijana alikuwa mmoja wao. Tulipofika, tuliona kwamba stima ndiyo ilikuwa shida ndogo; kikundi chenyewe kilikuwa karibu kuvunjika. Mama mwenyekiti alituambia, "Tunataka mtusaidie kumtoa huyu kijana kwa amani." Tukamjibu, "Mama, kabla hatujamtoa mtu, tupime kwanza."

Walichopata tutakieleza mbele. Kwanza tuelewe chombo chenyewe.

2. TUJUE: STIMA INAVYOSAFIRI

Sisi sote tunajua kuvuna maji ya mvua. Tufananishe sola na hayo maji.

Paneli ni mabati yanayopokea mvua. Waya ni mfereji. Betri ni tangi. Kontrola ni mlinzi wa tangi: tangi likijaa anazuia maji yasimwagike, na likikaribia kukauka anafunga koki. Taa, simu na redio ni mitungi ya kutekea. Inveta ni kama pampu. Inabadilisha stima ya betri iwe ya volti 240, lakini nayo hunywa maji yake hata kama hakuna anayeteka.

Sasa tangi likikauka, sababu ni nne tu. Mvua imekuwa kidogo. Au mfereji umeziba au unavuja. Au tangi limeharibika. Au tunateka kuliko tunavyovuna. Sola ni hivyo hivyo. Mtu anayesema "betri imekufa" bila kupima amechagua sababu moja kati ya nne, na mara nyingi ni ile ya gharama kubwa zaidi.

Tufanye hesabu ya kile kikundi. Kwa sehemu nyingi za nchi yetu tunaweza kukadiria saa 5 za jua kali kwa siku. Paneli ya wati 100 kwa saa 5 ni wati-saa 500. Lakini joto, vumbi, waya na betri yenyewe hula sehemu yake, kwa hivyo tuhesabu kwamba tunabaki na kama 350 za kutumia.

Matumizi yao mwaka wa kwanza yalikuwa hivi:

- Taa 4 za wati 7, saa 4: wati-saa 112
- Simu 12, kila moja kama wati-saa 10: 120
- Redio ya wati 10, saa 5: 50
- Mashine ya kunyoa ya wati 10, saa 4: 40
- Jumla: 322

Hii inaingia ndani ya 350, ingawa kwa shida. Mwaka wa pili wakaleta televisheni ya wati 30, watu watazame habari na mpira. Kwa saa 4 ni wati-saa 120 zaidi. Jumla ikawa 442. Kila siku wakawa na deni la 92.

Betri ya volti 12, ampea-saa 100, inabeba wati-saa 1,200. Lakini betri ya asidi, ile ya kawaida, haitakiwi kutumiwa zaidi ya nusu ikiwa tunataka ikae miaka. Nusu ni 600. Gawanyeni 600 kwa 92: hata siku saba hazifiki. Wiki moja tu na akiba yote nzuri imekwisha. Baada ya hapo kontrola inafunga koki kila usiku, na hakuna mwizi aliyeingia.

Jambo la kukumbuka: betri ya asidi ikikaa na njaa kwa wiki nyingi, ndani yake hujengeka ukoko mgumu juu ya bamba za risasi. Ukoko huo ukishashika, hata ukichaji siku nzima betri haishiki tena kama zamani. Kwa hivyo kuchelewa kuchunguza ndiko kunakoiua.

3. TUPIME: HATUA SABA

Mnahitaji mita ya kupimia stima, ile ndogo ya kidijitali inayouzwa kwa mafundi wa redio, spana, msasa, kitambaa, daftari na kalamu. Katibu aandike kila namba, saa na hali ya jua.

Usalama kwanza. Volti 12 haiwezi kuwarusha, lakini betri inaweza kutoa moto mkubwa spana ikigusa vichwa vyote viwili kwa pamoja. Vueni pete na bangili. Betri inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Pasiwe na jiko, kibiriti wala sigara karibu, na dirisha liwe wazi. Asidi ikigusa ngozi au jicho, osheni kwa maji mengi kwa muda mrefu, na jicho lipelekwe zahanati. Volti 240 inayotoka kwenye inveta inaua kama stima ya laini. Upande huo ni wa fundi tu.

Hatua ya 1: Ulizeni kabla ya kushika chochote. Shida ilianza lini? Saa ngapi stima inakatika? Ni vitu vyote au taa moja tu? Na swali kubwa kuliko yote: ni kitu gani kilibadilika kabla ya hapo? Kifaa kipya, mti uliokua, mvua ya upepo, fundi aliyepita? Taa moja ikikataa na zingine zinawaka, msiguse betri. Shida iko kwenye taa hiyo, swichi yake au waya wake.

Hatua ya 2: Tazameni kwa macho. Pandeni ngazi mkaone paneli. Je, ina vumbi au kinyesi cha ndege? Oshweni asubuhi au jioni kwa maji na kitambaa laini. Msimwage maji baridi juu ya kioo chenye moto wa adhuhuri. Halafu tazameni kivuli saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri. Msidharau kivuli cha tawi moja. Vipande vya paneli vimefungwa mfululizo kama watu wanaopokezana ndoo. Mmoja akisimama, mstari mzima unapungua. Tawi likifunika sehemu ndogo tu, linaweza kupoteza stima nyingi kuliko ukubwa wa kivuli chake.

Hatua ya 3: Kagueni fyuzi na viungo. Vichwa vya betri vikiota unga mweupe au wa kijani, stima haipiti vizuri. Zimeni vifaa vyote, fungueni waya za taa kwenye kontrola, kisha za paneli, halafu za betri, mkianza na ule mweusi. Safisheni vichwa kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, mkaushe, msugue kwa msasa, mkaze, mpake grisi au vaselini kwa juu. Mkirudisha ni kinyume: betri kwanza kwenye kontrola, ndipo paneli, mwisho taa. Kontrola nyingi huharibika kwa kuunganishwa paneli kabla ya betri. Fyuzi ikiungua, tafuteni kilichoiunguza, na mrudishe ya ukubwa uleule. Msifunge waya mtupu mahali pa fyuzi. Hiyo ni kukaribisha moto nyumbani.

Hatua ya 4: Pimeni betri ikiwa imepumzika. Asubuhi na mapema kabla ya jua, vifaa vyote na inveta vikiwa vimezimwa kwa saa kadhaa, wekeni mita kwenye vichwa vya betri, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Kwa betri ya asidi ya volti 12, someni hivi:

- 12.7 au zaidi: imejaa
- 12.4: robo tatu
- 12.2: nusu
- 12.0: robo
- 11.9 kushuka: karibu tupu

Hatua ya 5: Pimeni mchana. Saa sita, jua likiwa wazi, pimeni tena pale pale. Ikiwa betri inachajiwa vizuri, namba itapanda kupita 13, na ikikaribia kujaa itafika kama 14.4. Ikibaki ileile ya asubuhi, stima haifiki. Funikeni paneli kwa blanketi, fungueni waya zake kwenye kontrola, halafu ondoeni blanketi mpime ncha za waya hizo. Paneli nzima ya mfumo wa volti 12 itaonyesha kama 18 hadi 22. Mkiona sifuri au namba ndogo sana, waya umekatika njiani au kiungo cha paneli kimeoza. Funikeni tena kabla ya kurudisha waya.

Ikiwa paneli ina volti zake, waya zimerudishwa na jua linawaka, lakini betri ni 12.1 na haipandi, kontrola ndiyo ya kushukiwa. Kwa kontrola ya kawaida ya bei nafuu kuna alama moja zaidi: ikiwa inapitisha stima, volti za upande wa paneli hushuka zikakaribia za betri. Zikibaki 20 huku betri ina njaa, mlinzi amelala.

Hatua ya 6: Pimeni chini ya mzigo. Washeni vifaa vyote, mpime kwenye betri, kisha mpime mwisho wa waya, pale taa au inveta inapoungana. Tofauti ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba, ni mrefu mno, au kiungo kimelegea. Kwa mfano, waya wa shaba wa milimita 1.5 wenye urefu wa mita 10 ukibeba ampea 5 hupoteza zaidi ya volti moja nzima. Ule wa milimita 4 hupoteza chini ya nusu volti. Ndiyo maana inveta hulia na kuzima wakati betri bado ina chaji: volti zimeishia njiani.

Ikiwa betri ilionyesha 12.7 asubuhi, na mkiwasha taa mbili tatu inaporomoka mara moja hadi chini ya 11, hapo sasa mnaweza kusema betri imechoka. Kwa betri ya kufunguliwa vifuniko, tazameni pia maji. Yakiwa chini ya bamba, ongezeni maji ya betri yanayouzwa dukani hadi bamba zifunikwe, chajini ijae, kisha mkamilishe hadi alama. Msiongeze asidi, wala maji ya mtoni au ya bomba.

Hatua ya 7: Badilisheni kitu kimoja tu, mngoje, mwandike. Mkikata tawi, mkabadilisha waya na mkanunua betri siku moja, hamtajua ni nini kilichoponya.

Neno kwa wenye betri za lithiamu, ambazo sasa zimeingia vijijini. Jedwali la hatua ya 4 si lao. Betri hizo hukaa karibu na 13.2 kwa muda mrefu, kisha zinaanguka ghafula, kwa hivyo volti pekee hazielezi mengi. Ndani zina mlinzi wao anayeweza kufunga kabisa hata mita ionyeshe sifuri. Pengine inahitaji tu kuamshwa kwa chaja inayofaa. Msizifungue. Hakikisheni kontrola imewekwa kwa aina hiyo ya betri.

4. TUTENDE: KILE KIKUNDI KILIPATA NINI?

Walipima siku tatu. Asubuhi ya kwanza betri zikiwa zimefungwa pamoja zilisoma 11.9. Walipozitenganisha na kuchaji kila moja peke yake hadi ijae, ile ya zamani ilianguka mara tu mzigo ulipowekwa. Ile mpya ilisimama. Kumbe mpya ilikuwa ikimlisha mgonjwa usiku na mchana. Kufunga betri mpya na kuukuu pamoja ni kumfunga ndama na ng'ombe mzee kwenye jembe moja.

Kichwa kimoja kilikuwa na unga wa kijani. Tawi la mwembe lilikuwa likifunika paneli kuanzia saa tisa. Inveta ilikuwa ikiachwa imewashwa usiku kucha; ikila wati 8 kwa saa 10, ni wati-saa 80 za bure. Na televisheni, ambayo mkutano wenyewe ndio uliopitisha inunuliwe, ilikuwa imeleta deni la kila siku. Daftari la kijana lilipolinganishwa na pesa za mweka hazina, zilikubaliana.

Walikaa kimya kidogo. Halafu mama mwenyekiti akasimama, akamwambia, "Mwanangu, tulikukosea. Tulikuhukumu gizani." Kijana akajibu tu, "Nimesikia, mama." Mama yake hakurudi wiki hiyo. Alirudi mwezi uliofuata. Vidonda vya maneno haviponi haraka kama waya.

Mapatano yao yanaweza kuwafaa nyinyi pia:

- Inveta inazimwa kibanda kikifungwa.
- Televisheni ni Jumamosi na Jumapili tu, hadi paneli ya pili ipatikane.
- Kila Jumatatu asubuhi volti zinaandikwa, na watu wawili wanatia sahihi.
- Kila mwezi paneli inaoshwa, vichwa vinakaguliwa, matawi yanakatwa.
- Asilimia kidogo ya mapato inawekwa kando kwa betri ijayo, kwa sababu hata iliyotunzwa huzeeka.
- Hakuna mtu kuunganisha kitu moja kwa moja kwenye betri ili kumkwepa kontrola, hata kama ni usiku wa fainali. Inveta peke yake ndiyo hufungwa kwenye betri, kupitia fyuzi yake.
- Fundi akija, aonyeshe leseni ya EPRA ya kazi ya sola, na apime mbele ya wanachama wawili kabla ya kutaja bei.

Na betri kuukuu? Msimwage asidi shambani, wala msiyeyushe risasi jikoni kutengeneza vitu. Risasi huingia katika damu na kuharibu akili za watoto. Tunakumbuka mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru wakazi. Phyllis Omido aliwatetea, akapata tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi huo Desemba 2024. Irudisheni betri kwa muuzaji anayekusanya betri kuukuu. Wengi huikata bei mkinunua mpya.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni kitu gani kimebadilika tangu tuweke sola? Nani aliamua?
2. Tufanye hesabu yetu: tunavuna wati-saa ngapi, na tunateka ngapi?
3. Je, kuna mtu tuliyewahi kumlaumu kabla ya kupima? Tufanye nini sasa?
4. Nani wawili watajifunza kutumia mita? Angalau mmoja awe mama au kijana ambaye hajawahi kuishika.

KAZI YA NYUMBANI: Kwa siku saba andikeni volti za betri kila asubuhi kabla ya jua. Zikishuka siku baada ya siku, mna deni. Leteni daftari kwenye mkutano ujao, lisomwe mbele ya wote.

Mungu awabariki, na taa zenu zisizimike mapema.